Kidole Gumba na Kidole cha Shahada

Katika mazungumzo yetu ya leo nataka tufikiri juu ya mpiga gitaa mmoja. Najua wako watakaouliza, gitaa na neno la Mungu, wapi na wapi? Nawasihi mnisikilize kwanza.

Mtu huyo aliitwa Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 huko Katanga, kusini mwa Kongo. Katanga ni nchi ya migodi ya shaba. Watu wa makabila mengi walikwenda huko kutafuta kazi, na ili wasikilizane walizungumza Kiswahili. Kwa hiyo Bosco naye aliimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili, na ndiyo sababu watu wa Kenya waliposikia santuri zake hawakuhitaji mkalimani.

Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alifika katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Hapo alimkuta Bosco na gitaa lake, akazinasa nyimbo zake. Mmoja wao ni ule uitwao Masanga, ambao wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wamejaribu kuuiga tangu siku hizo.

Sasa, Bosco alifanya nini cha ajabu? Alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilishika nyuzi nene, kikatoa sauti ya chini yenye mwendo wa kudumu, kama hatua za mtu atembeaye. Kidole cha shahada kilishika nyuzi nyembamba, nacho kikaimba. Vidole hivi viwili havikwenda sawasawa wakati wote. Kimoja kilitangulia, kingine kikajibu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Ninyi mliowasikia wazee wetu wakipiga obokano, chombo chetu cha nyuzi nane, mnajua jambo hili: mtu mmoja ameketi, lakini sauti ni nyingi. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, alichambua upigaji wa Bosco na kuuandika kwa alama za muziki katika jarida la kitaalamu la mwaka 1961, kwa kuwa aliona ni jambo la kustahili kusomwa.

Karibu na mwisho wa miaka ya 1950 kampuni ya Aspro, iliyouza vidonge vya kuumwa kichwa, ilimleta Bosco Nairobi kuitangazia dawa yake. Vijana wakamtazama na kumsikiliza. Hapa kwetu magharibi ya Kenya watu kama George Mukabi na John Mwale wakapiga kwa vidole viwili, kila mmoja kwa namna yake. Mukabi na wenzake wa Buluhya wakautengeneza ule muziki uitwao omutibo. Hivyo alichokuwa nacho kijana mmoja wa Katanga kikawa mali ya watu wengi.

Mwaka 1969 Bosco alipiga gitaa mbele ya watu wa Marekani, kwenye tamasha la Newport. Lakini msidhani aliishi kwa gitaa peke yake. Alipata kufanya kazi katika benki na katika kampuni ya migodi, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1990 alifariki katika ajali ya gari huko Zambia.

Ndugu msikilizaji, kwa nini nakueleza haya? Ni kwa sababu wazazi huja kwangu na kusema, "Mchungaji, kijana wangu amenunua gitaa. Nilivunje, au nilifungie?" Naielewa hofu yao. Wamewaona wengine walioanza na gitaa wakaishia kwenye pombe. Lakini gitaa halijui njia ya kwenda kilabuni. Miguu ya mwenye gitaa ndiyo inayoijua, na miguu hiyo inaweza kufundishwa.

Kumbukeni mfano wa Bwana wetu katika Mathayo sura ya 25. Yule mtumwa aliyezika talanta hakuiba wala hakutapanya. Alirudisha kila kitu kikiwa kamili, na hata hivyo alihukumiwa. Aliogopa hasara, na kwa kuogopa akaizuia mali ya bwana wake isizae. Mzazi, unapolifungia gitaa kabatini, jiulize: je, kinachozikwa hapo ni mali yako? Afadhali umwite mwanao, umwambie apige, nawe ukae umsikilize. Huenda hajawahi kusikilizwa na baba yake.

Nawe kijana, una sehemu yako. Vidole viwili havifundishwi kwa siku mbili. Jifunze kwa bidii, tena usiidharau kazi nyingine. Bosco hakuona haya kufanya kazi ya ofisini, nawe usione haya kuchuma majani chai. Na ukishajua, mfundishe mwenzako. Bosco ameondoka, lakini kile ambacho wengine walikipokea kwake hakikuingia naye kaburini.

Tuombe. Ee Bwana, utoaye vipawa kama upendavyo, utupe sisi wazazi masikio ya kusikiliza, na uwape watoto wetu mikono ya uaminifu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Mungu awabariki.