Kodi ya Chumba Imo Ndani ya Nyanya

Tunapozungumza juu ya ughali wa maisha katika jiji la Dar es Salaam, aghalabu kodi ya nyumba tunaiweka upande wake, na bei ya vyakula upande wake. Wiki hii napenda tuyatazame mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa maana mfuko unaoyalipia ni mmoja. Na ili tuelewane vizuri, tuanzie mbali na jiji lenyewe. Tuanzie Ilula.

Ilula ni mji mdogo wa Mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi Zambia. Abiria wa mabasi wanaufahamu kwa nyanya na vitunguu vinavyouzwa barabarani. Nyanya unayokatia kachumbari Manzese au Temeke huenda ilichumwa huko, ikasafiri karibu kilomita 450 ndani ya tenga.

Njiani nyanya hiyo hupita katika mikono mingi. Yupo mpakiaji, yupo dereva na utingo wake, yupo dalali wa sokoni na mchukuzi wa mkokoteni. Mwisho yupo mama au kijana mwenye genge mtaani. Kila mmoja huongeza chake, wala si kwa uroho. Huyo mwenye genge analala katika chumba cha kupanga, na kodi ya chumba hicho haina pa kutoka ila katika faida ya nyanya. Mwenye nyumba akipandisha kodi, fungu lililokuwa na nyanya tano linakuwa na nyanya nne, bei ikibaki ile ile. Mnunuzi atalalamika kwamba wakulima wamepandisha bei, kumbe mkulima wa Ilula hajaongezewa hata senti moja. Ile nyanya iliyopungua imekwenda kulipa chumba.

Sasa tuulize, kwa nini kodi inapanda? Sababu ya kwanza ni wingi wa watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Ni ongezeko la watu zaidi ya milioni moja katika miaka 10, na kila mmoja wao anahitaji pa kulaza ubavu.

Sababu ya pili ni nani anayejenga. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yaliyokuwa na thamani kubwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katika miaka ya 1970 vilipimwa viwanja vya bei nafuu kama vile vya Sinza na Kijitonyama. Juhudi hizo zilisaidia, ila hazikuweza kwenda sambamba na mahitaji. Wapangaji wengi wa jiji wamekaa na wanaendelea kukaa katika nyumba za watu binafsi. Nayo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyotungwa mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji, na katika mapatano hayo mwenye shida ndiye asiye na sauti.

Lakini kinachomlemea mpangaji si ukubwa wa kodi peke yake. Ni kudaiwa kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mara moja. Tufanye hesabu ya mfano. Chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 300,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 350,000, na bado hujanunua godoro. Kijana anayeweza kuweka akiba ya shilingi 50,000 kwa mwezi atahangaika miezi saba ndipo aingie chumbani. Akishaingia, ana miezi sita tu ya kukusanya nyingine 300,000. Akiugua mwezi mmoja, au kazi ikisimama, hesabu imeharibika.

Wenye nyumba nao tuwasikilize. Walio wengi si matajiri. Mikopo ya benki ya kujengea ina masharti ambayo fundi au mwalimu mstaafu hayamudu, kwa hiyo hujenga chumba baada ya chumba kwa fedha za mkononi. Kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua bati za chumba kinachofuata. Kwa maneno mengine, mpangaji amefanywa kuwa benki ya mwenye nyumba, naye hukopesha bila kupata riba.

Wapo wanaoshauri kwamba aliyeshindwa mjini kati ahamie pembezoni. Hilo nalo tulipige hesabu. Chumba cha karibu na kazini ni shilingi 70,000, cha mbali ni shilingi 45,000. Umeokoa 25,000. Lakini wa karibu anapanda daladala moja kwenda na moja kurudi. Kwa nauli ya shilingi 600, siku 26 za kazi ni shilingi 31,200. Wa mbali anapanda mbili kwenda na mbili kurudi, yaani shilingi 62,400. Nauli imemzidi kwa 31,200. Chumba kilichoonekana rahisi kimemgharimu shilingi 6,200 zaidi, mbali na usingizi anaoukatisha alfajiri.

Turudi Ilula, kwa sababu mzigo huu huishia huko. Kijana akikwama kodi, simu inapigwa nyumbani. Mzazi hana mshahara; ana shamba. Nyanya zikiiva, zimeiva za wote, na bei imeshuka. Nyanya haihifadhiki kama mahindi, na mwenye nyumba wa Dar es Salaam hangoji. Basi mzazi anauza kwa bei yoyote anayotajiwa, ili mtoto asitolewe vyombo nje. Hivyo mkulima yule yule anayelisha jiji kwa bei ya chini, anachangia na kulipia vyumba vyake.

Tufanyeje? Kwanza, mpangaji asitazame kodi peke yake. Ajumlishe kodi, nauli, maji na umeme, ndipo alinganishe chumba na chumba. Pili, adai mkataba wa maandishi na stakabadhi kwa kila fedha anayotoa, na ajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ugomvi ukitokea, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huangalia maandishi. Maneno ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha.

Tatu, waajiri wanaweza kusaidia kwa jambo dogo. Mwajiri akimkopesha mfanyakazi kodi ya miezi sita na kuikata katika mshahara kidogo kidogo, atampunguzia safari ya kwenda kwa wakopeshaji wa riba. Nne, watunga sheria waliangalie upya suala hili la kulipa kwa mkupuo. Si lazima kurudisha udhibiti wa bei, ambao ukitumika vibaya huwakatisha tamaa wanaojenga. Lakini kuweka kikomo cha miezi ambayo mwenye nyumba anaweza kudai mbele ni jambo linalozungumzika, likiambatana na mikopo nafuu ya ujenzi.

Tano, tusisahau huko zinakotoka nyanya. Ilula ikiwa na viwanda vya kutosha vya kusindika mazao yake, mkulima atakuwa na mnunuzi wa pili siku bei ya sokoni inapoanguka, na kijana wake anaweza kupata kazi bila kwenda kutafuta chumba Mbagala. Kodi ya Dar es Salaam haitapunguzwa kwa kuongeza vyumba Dar es Salaam peke yake. Itapunguzwa pia kwa kuwapa watu sababu ya kubaki Ilula.