Samaki Wawili, Matatizo Mawili: Homoni na Ukomavu wa Samaki

Mkulima wa Bumula, kaunti ya Bungoma, akichimba kidimbwi, kwa kawaida hufuga tilapia au kambare. Tilapia humsumbua kwa kuzaa mapema mno. Kambare humsumbua kwa kukataa kuzaa. Mwanafunzi, matatizo haya yanaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja: mfululizo wa homoni.

Mfululizo wenyewe

1. Hipothalamasi, sehemu ya ubongo, hupokea habari za mazingira kama vile joto la maji, mwanga na mvua. Kisha hutoa homoni inayochochea tezi ya pituitari.
2. Pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni mbili kwenye damu: FSH na LH.
3. FSH huchochea ovari na korodani kukua. Ovari hutoa estrojeni, nayo estrojeni huliamuru ini kutengeneza protini ya kiini cha yai.
4. LH inapopanda ghafla, mayai hukamilika kukomaa na kutoka.

Zingatia: hatua moja ikikwama, zinazofuata hazifanyiki.

Tilapia

Kwa tilapia, maji yenye joto ni ishara tosha. Kidimbwini anaweza kuzaa kabla hajafika gramu 50. Chakula ambacho kingejenga mwili huenda kwenye mayai, na jike akiatamia mayai mdomoni hali vizuri. Kidimbwi hujaa vifaranga, wote wakagombania chakula na kudumaa. Mkulima huvua samaki wengi wasio na soko.

Suluhisho ni kufuga madume pekee, ambao pia hukua haraka kuliko majike. Katika vituo vya kuzalisha vifaranga, wataalamu huwalisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni ya kiume kwa siku 21 hadi 28, wakati jinsia yao haijakamilika kujengeka. Karibu wote huwa madume.

Kambare

Porini, kambare hutaga mvua kubwa inapofurisha kingo za mito kama Nzoia. Kidimbwini hakuna mafuriko. Jike hujaa mayai, lakini LH haipandi kwa sababu dopamini kutoka kwenye ubongo huizuia. Hatua ya nne imekwama.

Mtaalamu humdunga jike sindano yenye dondoo ya pituitari ya kambare mwingine. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi, mayai huwa tayari kukamuliwa baada ya takriban saa 12.

Tahadhari ya mtihani

Usiandike kwamba pituitari hutengeneza mayai. Mayai hutengenezwa katika ovari. Pituitari huchochea tu. Pia, usiseme kambare wa kidimbwini ni tasa. Mayai anayo; amekosa ishara ya kuyatoa.

Maswali ya marudio

1. Eleza kwa nini tilapia wa kidimbwini hudumaa. (alama 4)
2. Sindano ya kambare huchukua nafasi ya hatua ipi katika mfululizo? Fafanua. (alama 3)
3. Kwa nini homoni ya kiume hupewa vifaranga wachanga wala si tilapia wakubwa? (alama 2)