Vyombo vya Kutengenezea Muziki Nyumbani

Hapa Piyaya, jioni ng'ombe warudipo bomani, mara nyingi husikika vijana wakiimba. Mmoja hutangulia, naye Wamasai humwita olaranyani. Wengine humwitikia kwa sauti nzito zitokazo kooni. Hakuna ngoma wala zeze. Sauti za watu ndizo ngoma yao, na pumzi zao ndizo mapigo. Siku hizi wako vijana watamanio kuzitia sauti hizo katika kompyuta, wazichanganye na mapigo ya umeme, wapate muziki mpya. Hamu hiyo ni njema. Lakini vyombo vya kazi hiyo vyataka fedha, na fedha ya kwetu hutoka zizini. Mbuzi akiisha kuuzwa harudi. Basi yafaa tuvijue vyombo hivi kimoja kimoja, kazi yake ni nini, na kipi kitangulie, kabla mtu hajaswaga mbuzi wake kwenda mnadani.

Watu wengi hudhani ya kuwa muziki wa namna hii hauwezi kufanywa ila katika nyumba kubwa za mjini, zenye mashine za thamani. Sivyo. Katika mitaa ya Dar es Salaam, kama vile Mbagala, Manzese na Tandale, vijana walianzisha muziki uitwao singeli, ambao mapigo yake hufika 200 na hata 300 kwa dakika moja. Walitumia kompyuta za kawaida katika vyumba vidogo. Mwaka 2017 nyimbo zilizotengenezwa katika studio ya Sisso zilitolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, zikasikiwa hata Ulaya. Tena karibu na kwetu, Arusha, kundi la X Plastaz liliunganisha rap ya Kiswahili na uimbaji wa Kimasai, na mwaka 2004 likatoa albamu iitwayo Maasai Hip Hop. Kwa hiyo nyimbo za bomani na vyombo vya umeme vimekwisha kukutana zamani.

Kwanza na tufahamu jinsi kompyuta inavyoshika sauti. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kisha chombo kingine huupima umeme huo mara nyingi sana na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Katika santuri ndogo za CD, vipimo hivyo ni 44,100 kwa kila sekunde moja. Sababu yake ni hii: sikio la mwanadamu halisikii mitikisiko inayozidi 20,000 hivi kwa sekunde, na ili kushika mtikisiko wowote yatakiwa vipimo zaidi ya mara mbili yake. Dakika moja ya sauti ya namna hiyo, yenye upande wa kushoto na wa kulia, huchukua megabaiti 10 hivi. Wakati wa kusikiliza, kazi hurudi nyuma: tarakimu hugeuzwa kuwa umeme, na umeme hutikisa spika.

Sasa tuitazame kompyuta yenyewe. Iko ya mezani na iko ya kupakata. Ya mezani kwa kawaida hupatikana na nguvu zaidi kwa bei ile ile, na ni rahisi kuitengeneza. Walakini yahitaji umeme mwingi, tena ukikatika huzimika papo hapo. Ya kupakata ina betri yake, hula umeme kidogo, na mtu aweza kuichukua mpaka kwenye boma la waimbaji. Kwa nyumba inayopata umeme wake juani, ya kupakata ndiyo ifaayo.

Ndani ya kompyuta kuna mambo matatu ya kuulizia. La kwanza ni prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu. Sauti zikiwa nyingi katika wimbo mmoja, hesabu huwa nyingi pia, na prosesa dhaifu hushindwa, muziki ukaanza kukatika na kukwaruza. Tafuta yenye viini vinne au zaidi. La pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Hiyo ni kama meza ya seremala: ikiwa ndogo, zana hazienei. Gigabaiti 8 zatosha kwa kuanzia, na 16 ni bora. La tatu ni diski, ambayo ni ghala. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, na zikitikiswa katika barabara za mawe huharibika upesi. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka. Ni nyepesi, nazo husoma kwa haraka zaidi. Ukipata SSD ya gigabaiti 256 waweza kuanza kazi. Ya 512 itakupa nafasi zaidi.

Je, kompyuta iliyokwisha kutumika yafaa? Yafaa, mradi inunuliwe kwa macho mawili. Iwashe, uiache ikifanya kazi nusu saa, uangalie kama inapata joto mno au feni yake inapiga kelele, kwa maana kelele hiyo itaingia katika maikrofoni. Jaribu kila kitufe na kila tundu. Chomoa waya wa umeme uone betri yadumu muda gani. Uliza kama RAM yaweza kuongezwa, kwa kuwa katika kompyuta nyingine imelehemewa nayo haiongezeki kamwe. Kompyuta ya zamani kidogo, ikibadilishwa diski ikawekwa SSD na kuongezwa RAM, mara nyingi humfaa mwanafunzi kuliko mpya ya bei ya chini. Waswahili husema, rahisi ghali.

Chombo cha pili ni maikrofoni, na kwa sisi ambao muziki wetu ni wa sauti za watu, hiki kina heshima kubwa. Ziko aina mbili kuu. Ya dainamiki ni imara, haihitaji umeme wa kuilisha, tena haisikii sana mambo ya mbali. Humtaka mwimbaji asogee karibu. Ya kondensa husikia vizuri zaidi hata sauti nyembamba, lakini nyingi katika hizo hulishwa umeme wa volti 48 kutoka katika chombo kilichoungwa nayo, nazo husikia pia upepo, mbwa na ndama aliaye. Katika chumba chenye utulivu kondensa hushinda. Nje bomani dainamiki ni salama zaidi.

Maikrofoni hizo huungwa na kadi ya sauti ya nje. Hicho ni kisanduku kidogo kinachopima umeme wa maikrofoni, kisha kuzipeleka tarakimu katika kompyuta kwa waya wa USB. Chenye matundu mawili ya maikrofoni chatosha: moja kwa olaranyani, moja kwa waitikiaji. Hapa pana jambo la kuangalia, nalo ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haipeleki kipimo kimoja kimoja; hukusanya fungu kwanza. Fungu likiwa la vipimo 256, sauti huchelewa kama sehemu 6 katika 1,000 za sekunde. Kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde hewani, ni kama kumsikiliza mwenzako aliye umbali wa mita 2, wala hutatambua. Lakini fungu likiwa la vipimo 2,048, ni kama mwenzako yuko mita 16 mbali, na mwimbaji hupotewa na mapigo. Kwa hiyo wakati wa kurekodi chagua fungu dogo. Wakati wa kuchanganya sauti chagua kubwa, ili prosesa ipate nafasi ya kupumua.

Kiko pia chombo kimoja kinachowafaa sana watu wa mashamba na mbugani, nacho ni kinasa sauti kidogo cha betri. Kina maikrofoni zake ndani, nawe waweza kwenda nacho kwa miguu mpaka penye ngoma au sherehe. Vingine vikiungwa na kompyuta hutumika kama kadi ya sauti. Asiyeweza kununua vyombo viwili aanze na hiki. Asisahau kukivika sifongo cha kuzuia upepo, maana upepo wa uwanda wetu hauna adabu.

Kisha kuna kinanda cha MIDI. Wengi hufikiri ya kuwa kinanda hiki hutoa sauti, hakitoi. Chapeleka habari tu: kitufe kipi kimebonyezwa, na kwa nguvu gani. Kompyuta ndiyo itoayo sauti, iwe ya filimbi, ya ngoma au ya kitu kisichokuwapo duniani. Lugha hiyo ya MIDI ilitolewa mwaka 1983 ili vyombo vya makampuni mbalimbali vipate kuelewana, na hata leo yatumika. Kinanda cha vitufe 25 humtosha anayeanza. Tena si lazima: mapigo yaweza kuandikwa kwa kipanya peke yake.

Kwa kusikiliza, nunua kwanza hedifoni zinazoziba masikio. Hizo hazihitaji chumba kizuri, wala hazivujishi sauti ikaingia katika maikrofoni. Epuka zile zinazosifiwa kwa kishindo kizito, kwa kuwa zakudanganya: utapunguza besi usiyopaswa kuipunguza. Spika kubwa za studio zinunuliwe mwisho, maana chumba cha mabati huzifanya ziseme uongo.

Tukija kwa programu, mwenye fedha kidogo asikate tamaa. Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, ni ya bure, nayo yatosha kurekodi na kukata sauti. LMMS ni ya bure pia, na ndani yake waweza kupanga mapigo. Kompyuta za Apple hupewa GarageBand bila malipo. FL Studio, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, hulipiwa, lakini aliyekwisha kuinunua hupata matoleo mapya bila kulipa tena. Wako wauzao nakala za wizi. Jihadharini nazo: mara nyingi huja na virusi, na kirusi kimoja chaweza kula kazi ya mwaka mzima. Kabla ya kununua kompyuta, soma programu uitakayo yahitaji nguvu gani, usije ukanunua farasi asiyevuta gari lako.

Sasa umeme. Tuseme kompyuta yako ya kupakata hula wati 50, nawe wafanya kazi saa 4 kwa siku. Hiyo ni wati-saa 200. Betri ya risasi ya volti 12 na ampia-saa 50 hushika wati-saa 600, lakini haifai kutumia zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Kwa hiyo una wati-saa 300, na nyingine hupotea katika inveta. Inatosha, ila taa na simu za nyumba nzima zisiitegemee betri hiyo hiyo. Fanya hesabu hii kabla ya kununua, si baadaye. Tena vumbi letu ni adui: funika vyombo kwa kitambaa, wala usiache kompyuta juani.

Jambo la mwisho lanihuzunisha kulisema, lakini nitalisema. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi mzee mmoja jirani yetu, aliyejua nyimbo za rika lake ambazo wengine walikuwa wamekwisha kuzisahau. Aliimba siku tatu. Niliziweka nyimbo zote katika diski moja, nikasema nitanakili kesho. Diski ikaanguka kutoka mezani. Nilipokwenda kumwomba aimbe tena, nilimkuta mgonjwa, na baada ya majuma machache akafariki. Wajukuu zake bado huniuliza ziko wapi zile nyimbo, nami sina la kuwajibu. Basi kila kazi iwe na nakala mbili, nazo zikae katika nyumba mbili. Diski ya pili si anasa. Inunueni kabla ya kinanda, kabla ya spika.

Kwa kifupi, utaratibu wa kununua ni huu: kompyuta ya kupakata yenye RAM ya kutosha na SSD, kinasa sauti, au maikrofoni na kadi yake, hedifoni, diski ya nakala, halafu kinanda, spika mwisho. Na kabla ya hayo yote, omba ruhusa ya waimbaji, uwaambie wimbo wao utakwenda wapi, na ukipata faida uwagawie. Chombo hununuliwa mjini. Wimbo una wenyewe.

MASWALI

1. Kwa nini sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde?
2. Taja mambo matatu ya kuulizia katika kompyuta, ueleze kazi ya kila moja.
3. Kinanda cha MIDI hupeleka nini katika kompyuta?
4. Kompyuta ikila wati 40 kwa saa 5, ni wati-saa ngapi? Je, betri ya ampia-saa 50 iliyotajwa yatosha?
5. Nyumbani kwenu ni nani ajuaye nyimbo ambazo wengine wamezisahau? Mngeanza kumrekodi kwa chombo gani?