Jiwe la manjano: mbele ya kuuza, ujue ni nini

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaoosha mawe mutoni, mara mingi kijana anakuja kwetu na mufuko wa unga wa manjano. Anauliza: «Papa, hii haiko dhahabu?» Mwingine amekwisha kuuza bei ya chini, ju aliogopa negosiant ataenda zake.

Kama shimo lenu liko na piriti, lile jiwe la chuma na kiberiti linalongaa, ule unga unaweza kuwa jarositi. Inazaliwa pale piriti inaoza kwa maji na hewa. Sehemu moja juu ya tatu ni chuma. Ingine ni potasi na salfati. Haiko jiwe la shaba wala la kobalti. Ndiyo maana depo hainunue.

Utaijua namna gani? Kwaruza na kisu: inakwaruzika upesi, unga wake ni manjano. Piga nyundo: dhahabu inapanuka, jarositi inasagika. Kwa kipimo kimoja, dhahabu inaizidi uzito karibu mara sita. Tia mu maji: jarositi haiyeyuke. Kama inayeyuka, inaweza kuwa salfati ingine ya chuma, na yale maji ni asidi. Usionje na ulimi!

Lakini kwetu Katanga manjano iko na jambo lingine. Shinkolobwe, karibu na Likasi, uraniumu ilivumbuliwa mwaka 1915, na mwaka 1945 ikaingia mu bomu la Hiroshima. Mawe ya uraniumu nayo inatoa unga wa manjano, laini vilevile. Hapo jicho na kisu haitoshi. Ni mashini ya kupima mionzi tu. Basi, mpaka ipimwe, usipeleke nyumbani, usiweke chini ya kitanda, watoto wasichezee. Nawa mikono mbele ya kula.

Na bei? Mara ingine jarositi inabeba risasi, madini ya fedha ao dhahabu kidogo. Ile inaonekana laboratwari tu. Koperative igawanye sampuli mara mbili: moja iende kupimwa, moja ibaki kwenu. Karatasi ya matokeo isomwe mbele ya wote. Mununuzi akipima peke yake na kuandika bei peke yake, jasho ni lenu, faida ni yake.

Hata kama haina bei, jarositi inatuonya: maji ya shimo inaweza kuwa kali, inakula chuma na ngozi. Muombe boti mbele ya kushuka.