Kipimo cha Figo Mpya Kiko Vidoleni

Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Machi 2018, madaktari wake wakishirikiana na wenzao wa taasisi ya tiba ya Tokushukai kutoka Japani. Ilikuwa miezi michache tu baada ya Hospitali ya Muhimbili kufungua njia hiyo nchini, Novemba 2017. Tangu hapo habari za upandikizaji zimekuwa zikitolewa kwa hesabu: wagonjwa wangapi, gharama kiasi gani, safari ngapi za India zimeepukwa. Hesabu hizo ni za lazima, lakini ipo nyingine isiyoandikwa popote, nayo ndiyo inayomgusa zaidi mgonjwa mwenyewe. Je, aliyekuwa akidarizi mashuka na kufuma vitambaa vya makochi kabla figo hazijashindwa, amerudi kwenye uzi wake? Ninachodai ni kwamba kazi hiyo ya mikono ni kipimo halali cha uzima uliorudi, na kliniki ingepaswa kuiulizia kama inavyoulizia presha.

Tuanze na muda. Kabla ya figo mpya, kusafisha damu kwa mashine huchukua takriban saa 4, mara 3 kwa wiki. Hizo ni zaidi ya saa 600 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu safari na ule uchovu unaomlaza mtu jioni nzima. Anayetoka Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kutoka Dodoma mjini, hawezi kwenda na kurudi mara tatu kila wiki. Inambidi ahamie kwa ndugu na kuliacha shamba. Mtu atauliza: saa 4 za kukaa kitini, si ndizo za kufuma? Wapo wanaoweza, hasa wenye mpira wa shingoni. Ila mgonjwa mwenye fistula, yaani ateri na vena zilizounganishwa mkononi, huchomwa sindano mbili nene: moja hutoa damu kwenda kwenye figo bandia, ya pili huirudisha. Mkono huo hunyooshwa na kutulia hadi mwisho. Na darizi inataka mikono miwili, mmoja ukaze kitambaa, mwingine uchome.

Halafu kuna vidole vyenyewe. Figo zikishindwa, sumu zinazobaki kwenye damu huziumiza neva, na ganzi huanzia miguuni kisha mikononi. Kwa waliosafishwa damu miaka mingi huongezeka tatizo jingine, ambalo chanzo chake kilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1985: protini iitwayo beta-2 maikroglobulini, ambayo figo nzima huiondoa lakini mashine huiondoa kidogo tu. Hujikusanya kwenye kifundo cha mkono na kuibana neva ya kati. Neva hiyo ndiyo inayohudumia kidole gumba, cha shahada na cha kati, vidole vilevile vitatu vinavyoshika sindano. Ndiyo maana mshonaji anaweza kuligundua tatizo mapema kuliko mtu mwingine: sindano inamponyoka, na haisikii ilivyodondoka. Figo mpya ikianza kazi, protini hiyo hushuka, maumivu mara nyingi hupoa, na neva hujijenga taratibu kwa miezi. Si kwa wote, wala si kikamilifu, lakini dalili ya kwanza ya mabadiliko hayo inaweza kuonekana kwenye mshono kabla ya kuonekana kwenye daftari la hospitali.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwenye dawa. Aliyepandikizwa figo hunywa maisha yote dawa za kuzuia kinga ya mwili isiishambulie, na mojawapo, takrolimasi, hutetemesha mikono. Je, hilo halikibatilishi kipimo changu? Naona linakithibitisha. Mtetemo huongezeka kiwango cha dawa kinapopanda kwenye damu, na hakuna jambo linaloufichua kama kutunga uzi: ncha inalikaribia tundu, inalipita kushoto, inalipita kulia. Aliyeona hivyo asipunguze vidonge kwa uamuzi wake, kwani figo inaweza kukataliwa; aende akapimwe kiwango. Na kwa kuwa kinga yake imeshushwa, hata kijichomo kidogo kisipuuzwe: avae subana, anawe mikono, afunike kidonda.

Wengine watasema darizi ni anasa katika nchi ambayo bado inahangaika kuzuia presha na kisukari, maradhi yanayoongoza kwa kuua figo. Kinga ni kweli ina haki ya kutangulia, lakini kumuuliza mgonjwa swali moja hakuondoi shilingi kwenye kinga. Tena upasuaji huu una deni kwa wadarizi. Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1902 namna ya kuunganisha mishipa ya damu, na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912, alijifunza ustadi wa sindano nyembamba kwa mdarizi wa mji wa Lyon, Bi Leroudier. Figo inayopandikizwa Dodoma leo inashonwa kwa elimu iliyotoka pia kwenye fremu ya darizi.

Uzima wa kila siku hauishii kwenye uzi. Kwenye uwanda huu mkavu, Oktoba jua linapochoma, anayesafishwa damu hupimiwa maji kwa kikombe. Aliyepata figo huhimizwa anywe kwa wingi. Juisi ya ubuyu, ambao umejaa potasiamu, ilikuwa hatari kwake. Sasa anaweza kuirudia kidogokidogo, daktari akishaona vipimo, kwa sababu takrolimasi nayo hupandisha potasiamu. Balungi ndilo aliache kabisa, maana hukivuruga kiwango cha dawa.

Kwa hiyo, wewe unayehudhuria kliniki ya waliopandikizwa figo, siku yako ikifika ubebe kile kitambaa ulichoanza kukidarizi. Mwonyeshe daktari mishono ya mwezi uliopita na ya wiki hii, na mahali ilipopinda umwambie ilipinda lini.