Je, Wajua? Moyo wa Kupandikizwa Haungoji Ubongo

Mtu aliyepandikizwa moyo akishtuka, moyo wake hauruki papo hapo. Moyo unapotolewa kwa mchangiaji, mishipa ya damu na ya fahamu hukatwa pamoja. Ya damu hushonwa upya kifuani mwa mgonjwa; ya fahamu haishoniki. Hata hivyo moyo hupiga, kwa kuwa una fundo lake la seli, katika chemba ya juu kulia, linalozalisha umeme bila kuamriwa. Hupiga haraka hata mtu akipumzika, aghalabu mara 90 hadi 110 kwa dakika, na akipanda ngazi huchelewa kuongeza kasi mpaka adrenalini iufikie kupitia damu.

Kushona, basi, kulimudika mapema. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo, nao ukapiga. Siku 18 baadaye mgonjwa alifariki kwa nimonia: dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimeinyong'onyeza kinga yake. Hospitali nyingi ziliacha upandikizaji huo. Daktari Norman Shumway wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, hakuacha, na nadhani heshima kubwa zaidi ni yake. Kisha ikaja siklosporini, dawa ya kuuzuia mwili usiukatae moyo, itokanayo na kuvu ya udongoni na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983. Leo zaidi ya nusu ya waliopandikizwa huvuka miaka 10.

Mioyo yenyewe ni haba. Kwenye barafu hudumu takribani saa 4 tu. Mwaka 2014, madaktari wa Sydney walipandikiza mioyo iliyokwisha kusimama, baada ya kuiamsha ndani ya mashine inayoipitishia damu ya joto. Mwaka 2022, huko Maryland, David Bennett alipewa moyo wa nguruwe uliobadilishwa vinasaba. Aliishi nao miezi 2.

Linalonitia wasiwasi zaidi hutokea kimya. Kadiri miaka inavyokwenda, kuta za mishipa inayoulisha moyo mpya hunenepa na njia ya damu husongwa. Mwingine angeumwa kifua akawahi hospitali. Huyu, fahamu zilizokatwa humnyima onyo hilo. Ndiyo sababu huitwa mara kwa mara kupigwa picha za mishipa, hata akijiona mzima kabisa. Kwa baadhi yao, miaka ikipita, nyuzi chache za fahamu huota tena, na maumivu ya kifua huweza kurudi.