Baiskeli ya giya kwenye changarawe: anza na breki na matairi, usukani usubiri

Baiskeli ya giya iliyotumika, ile ya milimani yenye matairi ya inchi 26, inaweza kukimbia vizuri kwenye barabara ya changarawe bila gharama kubwa. Kinachowaponza wengi ni kuanza na kisichohitajika, hela ikaisha kabla ya kufika kwenye breki.

Huko Marekani mbio za changarawe ni mchezo mkubwa. Mashindano ya Unbound ya Emporia, Kansas, yalianza mwaka 2006. Kenya nayo ina mbio za aina hiyo huko Maasai Mara tangu 2021. Baiskeli nyingi za mchezo huo zina usukani uliopinda kama pembe za kondoo, na ndio unaowavutia vijana. Msikilizaji, usianze na usukani huo.

Kwa nini usukani usubiri?

Mikono mingi ya breki ya usukani uliopinda huvuta waya kidogo. Breki ndefu za kubana rimu, zilizo kwenye baiskeli nyingi za giya tangu mwisho wa miaka ya 1990, zinataka waya uvutwe zaidi. Ukichanganya, unabana mkono hadi mwisho na baiskeli bado inateremka. Vibadilishio vya giya navyo mara nyingi havipatani. Utajikuta unanunua vyote upya.

Nikague nini kwanza?

Tazama nyufa kwenye maungio ya fremu. Pitisha kidole pale breki inaposugua rimu. Pakiwa pamebonyea kama sahani, rimu imelika na inaweza kupasuka. Kisha bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Shokapu likicheza, mwonyeshe fundi. Akikuwekea foki ya kawaida, urefu wake ukaribie ule wa zamani, la sivyo baiskeli itainama mbele.

Matairi gani?

Kashata nene hula nguvu zako bure. Chagua tairi lenye katikati karibu laini na kashata ndogo pembeni, upana wa inchi 1.75 hadi 2.

Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kulipa. Tairi la 26 x 1.95 na la 26 x 1 3/8 yote huitwa ishirini na sita, lakini hayaingiliani. La baiskeli ya milimani lina namba 559, lile jingine 590. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu.

Upepo usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kwenye changarawe, tairi lililolegea kidogo hushika vizuri, mradi rimu isigonge mawe.

Mnyororo je?

Chukua rula ya inchi. Pima kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Mnyororo mpya hutoa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa milimita moja na nusu, badilisha. Ukifika milimita 3, meno ya giya za nyuma huenda yameliwa pia, na mnyororo mpya peke yake utaruka.

Kwa hiyo nunua kwa mpangilio huu: raba na waya za breki, matairi, kisha mnyororo. Usukani ulionyooka ubaki ulivyo. Mikono ikichoka safarini, mwambie fundi akufungie vishikio vifupi vya kusimama kwenye ncha zake.